Jina la Kompyuta na Madaftari Yake

Kila kompyuta inayotumia mfumo wa Linux ina jina, hata kama mwenyewe hakupata kuipa. Kwa maana waliouunda mfumo, wakijua kuwa kisicho na jina hakiitiki, huiwekea la kuanzia, kisha humwachia mwenye mali hiari ya kulidumisha au kulibadili. Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kadi ya benki, iliyotoka Uingereza mwezi wa Februari mwaka 2012 na ambayo leo imeenea katika skuli, karakana na majumba ya mataifa mengi, aghalabu huamka kwa mara ya kwanza ikijiita "raspberrypi". Rauta iliyotiwa mfumo wa OpenWrt hujiita "OpenWrt". Na laptopu inayowekewa Ubuntu hupendekezewa jina lililoungwa kwa jina la mtumiaji na la aina ya mashine. Maadamu kifaa nyumbani ni kimoja, jina lolote latosha, na mwenyewe aweza kuishi nalo miaka asijue kwamba lipo. Taabu huingia pamoja na kifaa cha pili.

Tuchukue nyumba ya kawaida mjini, yenye rauta moja sebuleni, Raspberry Pi inayohifadhi filamu na picha za familia, nyingine inayopokea picha za kamera ya mlangoni, na laptopu kuukuu ambayo, baada ya kuelemewa na Windows, ilitiwa Linux ili watoto waifanyie kazi za skuli. Mwenye nyumba afungua ukurasa wa rauta ili ajue ni kifaa gani kinachomaliza bando la intaneti, naye akuta katika orodha "raspberrypi", chini yake tena "raspberrypi", na chini zaidi mstari usio na jina lolote, ila namba tupu. Mmojawapo ndiye mlaji wa bando. Lakini ni yupi? Akikosea akazima asiye na hatia, kamera ya mlangoni italala usiku kucha ilhali filamu zinaendelea kujipakua.

Muradi wa makala haya ni kueleza jinsi jina la kifaa cha namna hiyo linavyobadilishwa. Amri yenyewe ni mstari mmoja, na yeyote ajuaye kusoma aweza kuichapa. Lakini amri hiyo hukamilisha nusu tu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo iwasumbuayo watu, kwa sababu jina la kompyuta haliandikwi mahali pamoja. Limo katika madaftari kadhaa, kila daftari na mwandishi wake, na hakuna mwandishi aliyefaradhishiwa kumwarifu mwenziwe kwamba mambo yamegeuka. Ajuaye madaftari hayo ni mangapi na yapo wapi hapati shida; asiyejua hubadili moja, kisha akastaajabu kwa nini mengine yangali yakisema ya kale.

Namba na jina

Kompyuta zenyewe, katika kusemezana kwao, hazina haja kubwa ya majina. Kila chombo cha kuungia mtandao, kiwe cha waya au cha waifai, hutoka kiwandani na namba yake ya biti 48, ambayo huandikwa kwa alama kumi na mbili, jozi kwa jozi. Na kinapojiunga na mtandao wa nyumba, rauta hukiazima anwani, mathalan 192.168.1.23. Anwani zenye mwanzo huo wa 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu, na kanuni inayozihusu, iliyotolewa Februari 1996, yairuhusu kila nyumba na kila ofisi duniani kuzitumia bila ya kuomba idhini kwa mtu. Ndiyo sababu nyumba ya Tanga na nyumba ya Muscat zaweza kuwa na 192.168.1.23 kila moja, na pasizuke mgongano wowote baina yao.

Walakini anwani hiyo ni kitu cha kuazima. Rauta huitoa kwa muda, katika rauta nyingi muda wa siku moja, na kifaa kilichozimwa wakati wa safari, au kilichokatikiwa na umeme kwa kitambo kirefu, chaweza kurudi kikakuta anwani yake imepewa kingine. Aliyeihifadhi namba kichwani atajikuta siku hiyo akiibishia hodi printa, akidhani anazungumza na kompyuta ya filamu. Jina halina hitilafu hiyo: anwani yaweza kugeuka mara nyingi, bali jina hubaki, na kazi ya kutafuta namba iliyo nyuma ya jina huachiwa mashine, ambayo haichoki wala haisahau.

Hikima hii ni kongwe kuliko Linux yenyewe. Katika miaka ya 1970, mtandao wa ARPANET wa Marekani, ambao ndio mzazi wa intaneti ya leo, ulikuwa na faili moja iitwayo HOSTS.TXT, iliyotunzwa huko Menlo Park, California, katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, na ofisi iliyokuwa chini ya Bi Elizabeth Feinler. Kila kompyuta ya mtandao ilikuwa na mstari wake humo, jina kwa namba. Aliyetaka jina jipya alipeleka ombi kwa ofisi hiyo, na wasimamizi wa kompyuta nyingine wakachukua nakala mpya ya faili ili wajue yaliyozidi na yaliyopungua. Mtandao ulipokua, daftari moja la watu wote likawa mzigo usiochukulika, na mwaka 1983 Paul Mockapetris, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Southern California, akabuni utaratibu wa kugawa majina kwa vikoa, kila kikoa na msimamizi wake, ambao hata leo ndio utufikishao kwenye tovuti tunazozitafuta. Illa daftari la kale halikufa. Kila kompyuta ya Linux ingali ina mjukuu wake, faili ndogo iitwayo /etc/hosts, na abadiliye jina la kompyuta leo aghalabu hana budi kuifungua.

Madaftari matano

Daftari la kwanza limo katika kiini chenyewe cha Linux, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Kiini hushika jina katika kumbukumbu ya muda, nalo haliruhusiwi kuzidi herufi 64. Programu yoyote itakayotaka kujua iko katika kompyuta gani, jibu hulipata hapa. Lakini daftari hili hufutika kila mashine inapozimwa.

La pili ni faili /etc/hostname, ambayo aghalabu ni mstari mmoja wenye neno moja tu. Mfumo unapowaka huisoma faili hii, ukakipa kiini jina la kushika mpaka utakapozimwa tena. Hapa pana chanzo cha kilio cha watu wengi: mtu hutumia amri ya kale ya "hostname" na neno jipya mbele yake, jina likageuka papo hapo, akafurahi, kesho yake awasha mashine, na jina la zamani limerudi mahali pake. Aliandika katika daftari la kwanza, la pili hakuligusa.

La tatu ni hiyo /etc/hosts iliyotajwa. Katika Linux iitwayo Debian, na katika Ubuntu na Raspberry Pi OS ambazo ni dhuria zake, faili hii huwa na mistari miwili inayostahili kutazamwa kwa makini. Mmoja wasema kwamba 127.0.0.1 ni "localhost", yaani kompyuta ikijisemesha yenyewe, na mstari huo hauguswi kwa hali yoyote. Mwingine wasema kwamba 127.0.1.1 ni "raspberrypi", au jina lolote lililokuwapo, na huo ndio wa kurekebishwa. Ukisahauliwa, kompyuta yajiita kwa jina ambalo yenyewe haijui linaelekea wapi. Na kila utakapoomba kufanya kazi ya msimamizi kwa amri ya sudo, utalakiwa na malalamiko kwamba jina la kompyuta halikutambulika, pengine baada ya kungojeshwa sekunde kadhaa. Kazi hufanyika, ila kwa manung'uniko.

La nne ni la rauta. Kifaa kinapoomba anwani hutaja na jina lake, nayo rauta hulinakili mbele ya anwani iliyoitoa, na orodha ile aionayo mwenye nyumba katika ukurasa wa rauta hutokana na nakala hizo. Rauta haina desturi ya kwenda kuulizia habari: hungoja kifaa kirudi na ombi jingine, na mpaka hapo huendelea kuonyesha jina ililolijua. Ndiyo maana mtu aliyebadili jina asubuhi aweza kulikuta la zamani kwenye rauta mchana wa siku hiyo, ingawa hakukosea lolote.

La tano halikuandikwa katika karatasi wala faili ya mtu mmoja. Limo katika mazungumzo ya vifaa vyenyewe. Kuna itifaki iitwayo mDNS, iliyochapishwa rasmi Februari 2013 na Stuart Cheshire na Marc Krochmal wa kampuni ya Apple, ambayo huviwezesha vifaa vya nyumba moja kuitana kwa majina yenye mwisho wa ".local" pasipo kumtegemea mwandishi yeyote. Katika Linux kazi hiyo aghalabu hufanywa na programu ya Avahi, iliyopewa jina la mnyama mdogo wa usiku wa misitu ya Bukini, mwenye unasaba na komba wetu. Kifaa kiitwacho jahazi kinapoamka, kabla ya kujitapa kwa jina hilo, hutangaza swali kwa vifaa vyote kupitia anwani ya pamoja ya 224.0.0.251: je, yupo hapa aitwaye jahazi.local? Huuliza mara tatu, kwa mwachano wa robo sekunde baina ya swali na swali, na asipojibu mtu hutangaza kwamba jina ni lake. Akijibu mtu, aliyekuja nyuma hushika adabu, akajiongezea tarakimu, akawa jahazi-2.local.

Tabia hii ya upole ina athari ambayo watu wa miji inayokatikiwa umeme hawana budi kuijua. Katika nyumba yenye Raspberry Pi mbili zisizobadilishwa majina, moja itajibu kwa raspberrypi.local na nyingine kwa raspberrypi-2.local, na mwenyewe atazoea kwamba ya kwanza ni ya filamu na ya pili ni ya kamera. Umeme ukatike, urudi, na safari hii ile ya kamera iwahi kuamka: majina yamehama bila ya mtu kuyahamisha. Hakuna kilichoharibika, hakuna ujumbe wa onyo, na bado kila anayeita filamu afikia kamera. Mtu aweza kupoteza jioni nzima akitafuta ubovu katika waya na katika memori kadi, ilhali ubovu haupo, pana majina mawili yasiyopambanuka tu.

Kubadili kwenyewe

Tuseme mwenye nyumba ameazimia kwamba kompyuta ya filamu iitwe "jahazi". Afunguapo dirisha la amri ataona mstari unaoanza kwa maneno mawili yaliyounganishwa na alama ya @, kama vile "juma@raspberrypi". La kushoto ni la mtumiaji, la kulia ndilo la kompyuta, nalo ndilo tunalolishughulikia. Hapo achape:

sudo hostnamectl set-hostname jahazi

Neno la kwanza huomba mamlaka ya msimamizi mkuu, kwa hiyo huenda akaulizwa nywila. Nayo ikichapwa, katika mifumo mingi haionyeshi hata nukta moja juu ya skrini, na asiyezoea asidhani kwamba kibodi imekufa. Neno la pili ni chombo cha systemd, mfumo wa kusimamia huduma za kompyuta uliotangazwa mwaka 2010, ambao sasa umo katika Linux nyingi zinazotumiwa majumbani. Kwa mstari huo mmoja madaftari mawili ya mwanzo yameandikwa kwa pamoja, la kiini na la /etc/hostname. Hapatatokea ujumbe wa pongezi, kwani kaida ya Linux ni kunyamaza kazi inapokwenda sawa na kusema inapokwenda kombo.

Linafuata daftari la tatu. Amri ya "sudo nano /etc/hosts" hufungua faili katika kihariri chepesi cha maandishi. Mishale ya kibodi humpeleka mtu hadi mstari wa 127.0.1.1, naye hufuta "raspberrypi" akaandika "jahazi", bila ya kugusa namba iliyo kushoto wala mstari wa localhost. Kubonyeza Ctrl pamoja na O, kisha Enter, huhifadhi; Ctrl pamoja na X hutoka. Kwa watumiaji wa Fedora hatua hii aghalabu haihitajiki, kwa kuwa mfumo huo una njia nyingine ya kuitambulisha kompyuta kwa jina lake yenyewe.

Ithibati hupatikana kwa kuchapa "hostnamectl" peke yake, nayo itaonyesha jina lililodumu pamoja na habari nyingine za mashine. Mtu asibabaike akiona kwamba mstari wa dirisha ungali ukisema "juma@raspberrypi" hata baada ya hayo yote: dirisha hilo lilijifunza jina lilipofunguliwa, na halina tabia ya kuuliza mara mbili. Likifungwa na kufunguliwa jingine, jina jipya litatokea.

Yamebaki madaftari mawili ya nje ya kompyuta. Mwenye haraka aweza kuiwasha upya Avahi kwa "sudo systemctl restart avahi-daemon", kisha akauvunja muunganisho wa waifai na kuuunga tena ili rauta ipokee ombi jipya lenye jina jipya. Asiye na haraka achape "sudo reboot" tu, mashine izimike na kuwaka, na yote mawili yatafanyika yenyewe. Katika nyumba ambayo hakuna anayeathirika kompyuta ikizimwa dakika moja, njia hii ndiyo iliyo aula, kwa sababu humpa mtu na yakini kwamba jina limedumu.

Zipo na njia za mkato. Katika Raspberry Pi, amri ya "sudo raspi-config" hufungua orodha ya mipangilio, na humo, chini ya mambo ya mfumo, pana pahali pa jina la kompyuta; chombo hicho huandika katika /etc/hostname na /etc/hosts kwa pamoja, kisha kikapendekeza kuwasha upya. Bora kuliko hiyo ni kulitaja jina kabla ya kompyuta kuzaliwa: programu ya Raspberry Pi Imager, itumikayo kuandika mfumo juu ya memori kadi, humruhusu mtu kuweka jina wakati huo huo, na kadi mbili zikaandikwa kwa majina mawili tangu mwanzo. Mwenye laptopu yenye mandhari ya GNOME hana haja ya dirisha la amri kabisa, kwa kuwa katika mipangilio, penye habari za mashine, jina la kifaa huandikwa kama liandikwavyo jina jingine lolote. Huko aweza kuandika hata "Kompyuta ya Sebuleni", lenye nafasi na herufi kubwa, na mfumo utalihifadhi hilo kuwa jina la pambo, la kuonekana na watu, huku ukijitengenezea la kazi ambalo nafasi zake zimejazwa vistari.

Tanbihi moja yawahusu wenye Ubuntu ya seva, na wengineo ambao mifumo yao iliandaliwa kwa chombo kiitwacho cloud-init. Chombo hicho chaweza kulirejesha jina la mwanzo kila mashine inapowaka, kwa kudhani kwamba kinatimiza wajibu. Jina likikataa kudumu licha ya kufuata hatua zote, mtu afungue /etc/cloud/cloud.cfg, autafute mstari wa preserve_hostname, na penye "false" aandike "true".

Wanaolijua jina la zamani

Baada ya kompyuta yenyewe, rauta na majirani kukubaliana, wapo bado waliokariri jina la kale kwa sababu mwenye nyumba mwenyewe aliwafundisha. Televisheni iliyoelekezwa kuchukua filamu kutoka raspberrypi.local haitapata kitu huko. Laptopu ya Windows iliyounganishwa na folda ya picha kwa jina la kale itadai kwamba njia haipo. Na kwa kuwa kuchangia mafaili na Windows hufanywa na programu ya Samba, ambayo kwa desturi huchukua jina la kompyuta inapowaka, nayo yahitaji kuwashwa upya. Ratiba za usiku za kunakili mafaili, zilizoandikwa zamani na kusahauliwa, ndizo hatari zaidi, kwani hushindwa kimya kimya, na mtu hujua siku anapoihitaji nakala asiipate. Kwa hiyo kabla ya kubadili jina ni busara kukaa kitako na kuorodhesha ni nani na nani wanaoiita kompyuta hiyo.

Mwenye kuingia katika kompyuta yake kutoka kifaa kingine kwa njia ya SSH atakutana na mambo mawili yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana. La kwanza, akiita jahazi.local kwa mara ya kwanza, ataulizwa kama anakiamini kifaa hiki kisichojulikana kwa jina hilo, na kuonyeshwa alama ya utambulisho wa ufunguo wake. Kwa kuwa ni yeye aliyebadili jina, na kwa kuwa ufunguo wa kompyuta haubadiliki kwa kubadilika kwa jina, ataikubali baada ya kuilinganisha. La pili hutokea pale jina la zamani linapopewa kifaa kingine, mathalan Raspberry Pi mpya ikaachwa na jina lake la kuzaliwa: hapo SSH itakataa kwa ukali, ikitahadharisha kwamba ufunguo umegeuka na huenda pana mtu katikati anayesikiliza. Ajuaye sababu atalifuta kumbukumbu la kale kwa amri ya "ssh-keygen -R raspberrypi.local". Asiyejua sababu asilifute mpaka aijue, kwa kuwa onyo hilo limewekwa kwa ajili ya siku ambayo shari ni ya kweli.

Kuchagua

Kanuni za herufi ni chache na hazina huruma. Ziliwekwa mwaka 1985 na kulegezwa kidogo mwaka 1989: herufi za a hadi z, tarakimu, na kistari, ambacho hakiruhusiwi kuwa mwanzo wala mwisho, nafasi hapana, nukta hapana, kistari cha chini hapana, herufi kubwa na ndogo ni mamoja, na urefu usizidi herufi 63, ingawa anayechangia mafaili na Windows afadhali asivuke 15, kwa kuwa njia ya kale ya majina ya Windows hukomea hapo. Sisi tuandikao Kiswahili tumefanyiwa wepesi, kwa sababu maneno yetu hayana herufi zenye vipambo juu wala chini, na karibu yote yaingia katika kanuni hiyo bila ya kukatwa. Waliokosa bahati ni wenye ritifaa: ng'ombe na ng'ambo hazipiti.

Baada ya herufi yaja maana, na hapa pana mashauri ya miaka mingi. Agosti 1990 mhandisi Don Libes alichapisha risala fupi juu ya kuchagua majina ya kompyuta, na mengi aliyoyaasa yangali na nguvu: mtu asiipe kompyuta jina lake mwenyewe, asiipe jina la kazi inayofanya, asichague refu lenye kuchosha vidole, wala lenye tahajia ya kutatiza. Sababu ya kukataza jina la kazi yaonekana upesi katika maisha ya nyumbani. Kompyuta iitwayo "kamera" leo, kesho hupewa kazi ya kuhifadhi muziki kwa kuwa kamera imekufa, na tangu siku hiyo jina husema uwongo. Kulibadili tena ni kuyapitia madaftari yote upya. Risala hiyo hupendekeza majina ya jamii moja, na pwani yetu haina upungufu wa jamii hizo: jahazi, dau, mashua, ngalawa na mtepe ni mafupi, yapambanuka kwa sikio hata yakitajwa kwa simu, na kifaa kipya kikija halitakosekana la kukipa.

Ama kukataza jina la mtu, siku hizi kuna hoja nzito kuliko ya mwaka 1990. Laptopu hutoka nyumbani. Inapojiunga na waifai ya mkahawa au ya uwanja wa ndege huomba anwani kama iombavyo nyumbani, na mara nyingi hutaja jina lake, na kama inatumia mDNS hulitangaza kwa kila kifaa kilichopo. Yenye jina la mwenyewe humtambulisha mwenyewe kwa watu asiowajua, na aonwaye leo hapa na kesho pale kwa jina lile lile ameacha nyayo za safari yake. Wahandisi wa IETF, chombo kinachosimamia kanuni za intaneti, walichapisha Machi 2017 waraka wa kulitahadharisha jambo hili. Kwa kifaa kinachokaa rafuni sebuleni hatari ni ndogo. Kwa kinachosafiri, jina lisilomtaja mtu, wala kazi yake, wala mtaa wake, ndilo la hadhari.

Majina ya namna hiyo yana gharama moja, nayo ni kwamba hayajielezi. Ajuaye ya kuwa jahazi ni filamu na dau ni kamera ni yule aliyeyatoa, na siku asipokuwapo, watoto na mkewe watasimama mbele ya orodha ya rauta wakiwa hawajui zaidi ya walivyojua yalipokuwa "raspberrypi" mawili. Kwa hiyo kazi haijesha mpaka kipande cha karatasi kibandikwe chini ya kila kifaa kwa jina lake, na ukurasa mmoja wa daftari la kawaida, la wino, uandikwe jina, kazi na tarehe ya mabadiliko, ukae karibu na rauta. Hilo laweza kusomwa hata umeme ukiwa umekatika, na aliyebadili jina asiliandike humo amewaachia wenziwe tatizo lile lile alilolikimbia.